Diwani Hapungui

Ijumaa, 28 Novemba

Nimeambiwa niandike kila anachokula paka. Mimi Bertilla, mtu mzima, mwenye mashine ya kukoboa na kusaga, mwenye wateja wanaopanga foleni na madebe yao tangu asubuhi, ndiye nimekaa hapa naandika mlo wa paka.

Daktari wa mifugo anaitwa Shedrack. Amezoea ng'ombe na kuku wa watu. Nilipofungua kikapu akamwona Diwani amejaa humo mpaka pembeni, alicheka. Alipomshika kifuani akaacha kucheka. Akasema mafuta yamembana, ndiyo maana anahema akitoka mlangoni kwenda kwenye kochi, ndiyo maana hawezi kujilamba mgongo na manyoya yamesokotana.

"Mama, huyu akiendelea hivi hafiki kiangazi."

"Basi nimnyime chakula siku tatu, nne?"

"Usithubutu! Paka mnene akikaa na njaa ghafla ini linaharibika, unamuua mapema zaidi. Apungue polepole. Umpimie chakula, umtenge na wenzake wakati wa kula, makombo ya mezani marufuku. Na umchezeshe."

Nimchezeshe. Labda nimsajili timu.

Angekuwa paka wangu nisingehangaika hivi. Ni paka wa Mama, mama mzazi wa mume wangu Zenon. Baba mkwe alipofariki, tulimaliza matanga, tukamchukua Mama kutoka Kaengesa aje akae nasi hapa Sumbawanga mjini. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi imepamba moto. Alikuja na sanduku moja, kiroba kimoja kilichofungwa mdomo ambacho alisema ni mbegu tu, akakisukuma chini ya kitanda, na paka wa marehemu ndani ya kikapu. Siku ile alikuwa paka wa kawaida kabisa. Jina la Diwani alilipata kwa binti yetu Faith, tumbo lilipoanza kuning'inia.

Na Mama ameshatuambia, tena kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya mnada: "Huyu akifa, na mimi nitarudi kwangu." Kwake ni nyumba yenye kufuli, majirani wa mbali, maji ya kuchota bondeni. Zenon aliposikia aligeuka akanitazama mimi, kana kwamba paka nimemnenepesha mimi.

Diwani, leo: vijiko viwili vya dagaa wa Kirando. Na wali wa nani sijui, maana punje nimeikuta kwenye masharubu.

Jumapili, 30 Novemba

Tumempima kwenye mzani wa magunia. Peke yake hakai, kwa hiyo Faith alipanda akiwa amembeba, kisha akapanda bila yeye, tukatoa. Kilo nane na nusu. Ukiwaweka pamoja paka wetu wengine wawili hawafiki hapo. Sista, mweusi mwenye kifua cheupe, na Kabwe, aliyeteremka kwenye lori la dagaa lililotoka Kabwe akakataa kupanda tena. Hao wawili wanafanya kazi ghalani usiku na mchana. Diwani anafanya ukaguzi.

Jumatano, 3 Desemba

Sahani tatu, vyumba vitatu. Sista alikula nusu akaenda kuwinda. Kabwe alilia mlangoni hadi nikamfungulia. Diwani alimaliza yake, akaenda kumaliza ya Sista, akaenda kumaliza ya Kabwe. Ukaguzi.

Alhamisi, 4 Desemba

Sahani za Sista na Kabwe nimeziweka juu ya kabati. Diwani hawezi kuruka. Amekaa chini akitazama juu na kulia mpaka mteja mmoja akauliza kama kuna mtoto mchanga.

Jumapili, 14 Desemba

Mvua imenyesha juma zima. Ukungu umeteremka toka milima ya Mbizi umekaa mjini. Diwani: dagaa waliopimwa, hakuna kingine. Nimechunga mwenyewe kama mlinzi wa benki. Kwenye mzani, kilo nane na nusu na kidogo.

Na kidogo! Imetoka wapi?

Mtu pekee anayenipa moyo nyumba hii ni Mama. Zenon anachokonoa chakula, Faith kila siku ana "nimeshiba". Mama nampikia sembe ile namba moja, nyeupe pe, ninayoikoboa mara mbili, na mboga ya kuungwa. Sijawahi kumwekea dona, achilia mbali kitu kingine. Mama mkwe unamwekea kilicho bora. Na sahani yake inarudi jikoni safi kuliko ilivyotoka kabatini.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimemkamata. Zenon, baba mwenye nyumba, mjumbe wa kamati ya kigango, ameinama chini ya meza anamlisha Diwani mafuta ya mbuzi.

"Ni Krismasi," anasema.

"Na paka amebatizwa lini?"

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Nikafurahi kumwona anacheka. Halafu nikakumbuka kilo nane na nusu na kidogo, nikaanza upya kwa mume wangu.

Alhamisi, 8 Januari

Umeme umekatika, mashine imelala, wateja wamenuna. Mvua. Diwani: dagaa. Nimemchezesha kwa kamba yenye unyoya wa kuku. Aliutazama unyoya, akanitazama mimi, akafumba macho.

Jumatatu, 12 Januari

Panya wameingia ndani. Tena hawakwenda jikoni, wamekwenda chumbani kwa Mama, wanakwaruza chini ya kitanda. Nikamwambia nitatoa kile kiroba cha mbegu tukakiweke ghalani. Akasema, "Kiache, mwanangu, hakina kitu." Nikampeleka Diwani chumbani akae kazini. Panya alipita mbele yake. Nimeona kwa macho yangu. Diwani alimpisha.

Ndiyo maana wahenga wamesema paka akiondoka panya hutawala. Hawakutuambia paka akinenepa inakuwaje.

Jumatatu, 19 Januari

Kilo tisa.

Leo sikubembeleza mtu. Niliita kikao. Zenon kwenye kochi, Faith na sare zake za shule, Mama kwenye kiti chake karibu na jiko la mkaa, Diwani katikati ya mkeka akiwa mtuhumiwa na kielelezo.

"Nani anamlisha huyu paka?"

Zenon akasema tangu Krismasi hajamrushia hata mfupa. Faith akaapa kwa Bikira Maria, nikamwambia asimwingize Bikira Maria kwenye mambo ya dagaa.

"Basi anakula hewa! Nampimia kijiko, nakuwa kama mganga na dawa, na anaongezeka! Mnataka afe? Akifa mnajua nini kitafuata!"

Mama ameinamia makaa. Akasema taratibu, "Mama Faith, mnyama akikukodolea macho unakula, utafanyaje? Kwetu hata mbwa wa njiani huli mbele yake."

"Unamwambia toka, Mama. Ndivyo utakavyofanya. Toka."

Akatikisa kichwa, akavuta kitenge kilichomshuka begani. Nguo zake nazo zimelegea siku hizi, gauni la kanisani amelibana na pini. Sabuni hizi mpya zinaharibu vitambaa. Nitatafuta nyingine.

Nimeshamshuku jirani wa nyuma. Nimeshamshuku fundi wa mashine. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nimeshakung'uta nguo zote.

Jumatatu, 2 Februari

Sheria mpya, haina rufaa. Wakati wa kula, Diwani anafungiwa ghalani. Komeo naweka mimi, ufunguo nauvaa shingoni pamoja na rozari. Amelia. Alie.

Jumanne, 3 Februari

Mama hakumaliza sahani. Anasema tumbo limejaa gesi.

Jumapili, 8 Februari

Kilo nane na robo tatu! Tena ameruka juu ya gunia, gunia la chini kabisa, lakini ameruka. Nilipiga vigelegele ghalani peke yangu.

Mama amerudisha nusu sahani.

Alhamisi, 12 Februari

Mama amerudisha sahani kama nilivyoipeleka, amekata pembeni tu.

Nitasema ukweli, imeniuma. Mwanamke anajua maana ya sahani kurudi. Mama mkwe anakula kwako miezi yote, anamaliza, siku unayomfungia paka wake anaanza kurudisha chakula. Huo ni ujumbe. Nimemwambia Zenon, "Mama yako kanisusia." Akasema labda mboga ilikuwa na chumvi. Chumvi! Mchana kutwa nahangaika kuokoa roho ya paka ili yeye asiondoke, na yeye ananisusia ugali.

Diwani: dagaa. Anapungua.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Mama anasema amefunga.

Nikamkumbusha padri alishatangaza wazee na wagonjwa hawalazimiki. Akasema, "Mimi siumwi." Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa meno, si kwa moyo. Anakunywa chai tu, na ndizi moja Faith akimbembeleza. Kwaresima ni siku arobaini, tutaona nani atachoka kwanza, mimi au yeye.

Jumapili, 22 Februari

Kilo nane na robo. Daktari Shedrack amepita kununua pumba za kuku wake, akambonyeza Diwani mbavu, akasema, "Safi kabisa, mama. Siri ni nini?"

Nikamwambia siri ni komeo.

Jumapili, 1 Machi

Nimeshindwa kulala mchana, nimeshindwa kukaa, acha niandike.

Misa ya pili leo. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka padri anasubiri ipungue. Tuliposimama kusikiliza Injili, Mama alisimama nami, akanishika mkono, nikadhani anataka kuninong'oneza. Akateremka. Hakuanguka kwa kishindo, aliteremka tu kwenye sakafu na kitenge chake. Nilipomwinua nilishtuka. Nimezoea kubeba debe, najua uzito wa vitu. Mama hakuwa na uzito.

Tulimpeleka hospitali. Nesi akampandisha kwenye mzani, akasoma, akamshusha, akampandisha tena. Akazichomoa zile pini za gauni moja moja akaziweka kwenye kiganja changu. Zilikuwa nyingi. Daktari, kijana mpole, akapima damu, akapima sukari, akasikiliza moyo. Hakuona ugonjwa. Akanigeukia mimi, mbele ya wagonjwa waliojaa benchi zima:

"Mama, huyu bibi anakula nini nyumbani?"

Aibu niliyoisikia pale sina pa kuiweka. Mke wa mwenye nyumba, mwenye mashine ya unga, magunia yamefika darini, mama mkwe wangu anazimia kwa njaa. Nikajibu kwa hasira, "Anakula vizuri! Alikuwa anamaliza sahani mpaka tulipomfungia paka."

Nikakisikia nilichosema.

Mpaka tulipomfungia paka.

Nilikaa chini kwenye benchi bila kukaribishwa. Zile sahani safi kuliko zilivyotoka kabatini. Zilikuwa zimelambwa. Tangu mwezi wa saba nilikuwa namlisha paka sembe namba moja, naikoboa mara mbili kwa ajili ya paka, na nampimia dagaa kwa kijiko kumbe mkono mwingine wa mezani unamjazia. Ile nusu kilo ya Diwani niliyoitafuta nyumba nzima ilikuwa imetoka kwa Mama.

Wakamwekea dripu, jioni wakaturuhusu. Nilipomrudisha chumbani nikainama kuvuta ndara zake. Sakafuni kulikuwa na punje ndogo nyekundu, zimetambaa mpaka ukutani. Panya wametoboa kiroba. Nikakivuta. Hazikuwa mbegu. Ulikuwa ulezi, ulezi wa kula, umepepetwa vizuri, wa kumtosha mtu mmoja miezi mingi.

"Mama, hiki ni nini?"

Alikuwa amelala, amenipa mgongo. Akasema, "Nilikuja na chakula changu, mwanangu. Mtu haendi kwa mtu mikono mitupu."

"Kwa nini hukukitoa?"

Mvua. Halafu akasema, "Nilisoma ukutani."

Sikuhitaji kuuliza ukuta upi. Ukuta wa mashine yangu, rangi nyekundu, mwandiko wangu mwenyewe: HATUSAGI ULEZI. MSITUSUMBUE. Niliuandika kwa sababu ulezi unabaki kwenye chekeche, sembe inayofuata inatoka na madoa, wateja wa mjini wanalalamika. Siku anafika, anateremka kwenye gari na kiroba chake, hilo ndilo neno la kwanza lililompokea.

"Mama, yale ni ya wateja! Wewe ungesema tu. Ungeniambia, Bertilla, sembe siiwezi."

"Nikuambie nini? Umeniwekea kilicho cheupe. Kinalainika mdomoni lakini hakinishuki, kinakaa hapa." Akagusa shingo. "Nimekula ulezi tangu naota meno. Sasa mkamwana ananipikia kilicho bora, nimrudishie sahani? Watu wangesema mimi Monika nina dharau. Nikaona paka wa mzee anakula. Nikasema, basi, ale mmoja wetu."

Nilikasirika. Najua si wakati wa kukasirika kwa mgonjwa, lakini nilikasirika mpaka sauti ikapanda. Nikamwambia heshima gani hii ya kuua mtu, miezi yote mimi namheshimu kwa sembe, yeye ananiheshimu kwa njaa, na paka katikati anakaribia kupasuka! Mama akageuka. Ananitazama. Ndipo na yeye akakasirika, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi huu mwezi wa ngapi? Nikishika ufagio mnaninyang'anya. Nikienda jikoni unaniambia Mama kapumzike. Kapumzike, kapumzike! Nimezika mume, sijazikwa mimi. Hata mwiko hujanipa, Bertilla."

Hajawahi kuniita Bertilla. Siku zote ni Mama Faith, au mwanangu.

Nililia. Na yeye akalia, tukalia wote wawili, na Zenon akachungulia mlangoni akaona, akarudi alikotoka. Mwanaume mwenye akili.

Jumatatu, 2 Machi

Uji wa unga wa lishe, wa dukani, una ulezi ndani. Amekunywa vikombe viwili. Diwani: dagaa.

Jumanne, 3 Machi

Uji. Amekunywa, akaomba sukari ipunguzwe. Naona ameanza kuniamuru.

Ijumaa, 6 Machi

Mashine haikusaga mahindi leo asubuhi. Nimechambua punje za ulezi zilizochezewa na panya nikawatupia kuku wa jirani, kilichobaki nimekiosha, nimekianika wakati wa kijua kile cha dakika mbili, nimekisaga mwenyewe. Unga ukatoka wa rangi ya udongo, harufu ikajaa. Mteja aliyefuata akafungua mfuko wake wa sembe akasema, "Mama Faith, hii mbona ina madoa?"

Nikamwambia ni ya mama mkwe wangu, kama hataki arudishe.

Jumamosi, 7 Machi

Ukuta umepakwa rangi. Faith kaandika upya, kwa herufi kubwa: ULEZI KILA JUMAMOSI. Kabla rangi haijakauka walishafika akina bibi watatu na vikapu vyao vimefunikwa kanga. Mmoja akaniambia, "Tulikuwa tunakwenda mpaka ng'ambo ya soko, tunakupita hapa." Wamenipita miaka yote hiyo na mimi nilikuwa nawaona wanapita. Nilidhani hawana mahindi.

Mchana Mama akaja jikoni. Nilitaka kumwambia kapumzike, neno likafika kwenye meno, nikaling'ata. Nikampa mwiko.

Kusonga ulezi si mchezo. Mikono yake inatetemeka bado, nikashika sufuria, akasonga yeye, akanigombeza kwa Kifipa kwamba sufuria naishika kama mtu anayeogopa moto. Ukaiva mweusi, mzito, unashika mwiko. Akapakua mwenyewe. Alimwekea Zenon, akamwekea Faith aliyekunja uso, akaniwekea mimi, akajiwekea mwisho. Dagaa wa Kirando wa kukaangwa na nyanya.

Nikachukua ufunguo nimpeleke Diwani ghalani. Mama akasema, "Mwache. Akae."

"Mama, daktari alisema..."

"Akae, nimesema."

Nikamwacha. Diwani akaja kwenye nafasi yake ya siku zote, karibu na mguu wa Mama, akakaa, akainua uso. Mama akakata tonge. Akachovya. Akala. Diwani akalia kidogo. Mama akakata lingine, akala. Zenon kashika tonge lake hewani amelisahau. Diwani akaweka mguu kwenye goti la Mama. Mama akala mpaka mwisho, akapitisha tonge la mwisho kuzunguka sahani, akalitafuna taratibu na macho amefumba.

Kisha akainamisha ile sahani mbele ya paka ili aione.

"Umeona? Leo hamna. Nenda kawinde."

Akanisukumia mimi sahani. "Bertilla, sufuriani kumebaki?"

Diwani, leo: vijiko viwili vya dagaa asubuhi. Kutoka mezani hajapata kitu.